Ufukwe wa Mtu Asiyejua Kuogelea

Jumamosi iliyopita mume wangu Sudi alirudi nyumbani na chupa ya mafuta ya kuzuia jua, akaifungua palepale jikoni ainuse, na mimi nikaenda kujifungia chooni. Si kwa hasira. Ni ile harufu: nazi ya kiwandani, nazi ambayo haijapata kuuona mnazi, na nyuma yake utamu kama wa biskuti. Nikafungulia bomba asinisikie, nikakaa juu ya mfuniko nikiwa na mwiko mkononi.

"Rukia," akasema nje ya mlango. "Ni mafuta, bibi wee. Sikuleta nyoka."

Sudi ananijua. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na safari yangu ndefu kuliko zote ni kutoka kwetu Great Barr hadi Small Heath kwa mama yangu, humuhumu Birmingham, mabasi mawili, na hata huko sijavua kiatu nimeshaanza kuuliza basi la kurudi. Wenzangu wanakwenda Dubai kama wanaokwenda sokoni. Mimi nikibadilishiwa upande wa kitanda nakesha. Mawifi zangu wananiita Kabati. "Kabati hajambo?" "Hajambo, yupo palepale tulipomwacha." Sina ubishi. Kabati ni kitu cha maana, halikosekani linapotafutwa.

Sasa Sudi amekuja na wazo la meli ya kitalii, ile inayozunguka visiwa vya Karibi. Ameniwekea kijitabu karibu na sufuria. "Wewe huna kazi ngumu," anasema. "Kila bandari tunashuka siku moja, kila siku ufukwe mmoja. Chagua tu. Mifuko nitabeba mimi."

Chagua tu! Maskini, hakujua alichokisema, maana nilikuwa sijamsimulia. Nawasimulia ninyi wa rika langu, mliokulia huku Uingereza mkiwasomea wazazi wenu bahasha za kahawia. Mtanielewa upesi kuliko yeye aliyekuja na ndevu zake.

Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa mkuu wa barua wa nyumba yetu. Mama alitoka Unguja na alisoma Kurani kwa sauti ya kumtuliza mtoto mtukutu kama mimi, lakini Kiingereza hakukijua zaidi ya "hello" na "how much". Baba alikuwa na Kiingereza cha kusikia; cha kusoma kilimpiga chenga. Kwa hiyo nikitoka shule, kabla ya chai, kabla ya kuvua tai, nilisimama kwenye korido nikasoma yaliyoingia mlangoni. Barua za hospitali, za shule, za kansili, yaani halmashauri ya mji, na zile za ofisi ya uhamiaji ambazo Mama alizisikiliza akiwa amesimama, mkono kifuani.

"Wasemaje?" angeuliza.

Nami ningemwambia wasemavyo. Mama alikuwa na sheria moja: jambo lisipokuja kwa barua, bado halijawa. Tulipopigiwa simu kwamba tumepewa ruhusa ya kukaa, Baba aliruka mpaka akagonga taa. Mama aliendelea kumenya vitunguu. Siku nne baadaye bahasha ilipofika nikamsomea, ndipo akaweka kisu chini akalia.

Baba alikuwa mtu wa Tabora na alifanya kazi ya kuosha mabasi. Aliingia ndani ya basi na ndoo na kikwaruzio, akatoa ubani wa kutafuna chini ya viti, mmoja mmoja. Bahari aliiona kwa mara ya kwanza alipokwenda Unguja kumposa Mama, na kisa hicho Mama hakuchoka kukisimulia.

"Akakunja suruali mpaka magotini, akasimama ukingoni kama kuku aliyenyeshewa. Kikaja kiwimbi, kiwimbi cha kuoshea vikombe, kikamgusa. Akapiga kelele, 'Mama!' Mama yake yuko Tabora!"

Baba alicheka kuliko wote. Lakini kazini alikuwa na rafiki, Bwana Clyde, mzee wa Barbados, na huyo alimwambia kwamba kwao kuna bahari ya watu waoga. Baba akalitia jambo hilo moyoni. Alilipa kidogo kidogo, kimyakimya, mpaka jioni moja akaweka juu ya meza kijitabu chenye meli nyeupe kubwa kama mtaa mzima.

"Mtu wa Unguja apandishwe meli akaonyeshwe mchanga?" Mama akasema. "Mbona usiniletee na maji kwenye chupa nikayashangae."

"Mchanga wenu nimeuona," Baba akajibu. "Ulijaa wakwe. Nataka mchanga usio na wakwe."

Akanunua na mafuta ya jua, miezi mingi kabla ya safari. Dada yake Mama, Khala Zuwena, alipoiona chupa alishika mlango asianguke kwa kicheko. "Saidi, wewe uungue nini tena? Umebakiza nini?" Baba akaipanga chupa kwenye rafu juu ya friji, mahali pa heshima, karibu na Kurani lakini chini yake.

Tukaanza kuchagua fukwe, mimi na yeye. Kulikuwa na bandari tatu: Antigua, Santa Lusia na Barbados. Kila bandari ilikuwa na orodha ya fukwe na picha zake, na fomu yake yenye mistari mitatu: Mgeni wa Kwanza, ambaye ni Baba, wa Pili, Mama, wa Tatu, mimi. Kila mgeni aandikiwe ufukwe wake. Mimi nilisoma, Baba alifikiri, na alifikiri kama mtu anayenunua nyumba. Uko mbali gani na gati? Kuna kivuli? Choo kipo? Tukikaa mpaka saa tisa, tutarudi kwa wakati?

"Meli inaondoka saa kumi na moja jioni, Rukia. Haimsubiri mtu. Meli si basi, ukilikosa hili usubiri lile. Ukichagua vibaya umekikosa kisiwa kizima, na ukichelewa umekosa na meli."

Antigua tukachagua wenye makombe. Santa Lusia tukachagua wenye mchanga mweusi, kwa sababu Baba alisema mweupe hata Mama anao. Fomu hizo mbili tukazituma. Barbados ikatushinda. Kila jioni alibadili. "Barbados tutaimaliza Jumapili," akasema, akaikunja fomu akaiweka chini ya chupa ya mafuta.

Ijumaa alianguka kazini, ndani ya basi, ndoo yake kando. Moyo.

Walisema amefariki, na neno hilo nililijua. Babu wa Tabora naye alifariki. Simu ililia, Baba akakaa kwenye ngazi, kikasomwa kisomo, tukala pilau, basi. Sikumwona Babu akiwa hai, sikumwona akiwa amekufa. Na Baba ikawa vivyo hivyo. Jeneza lilitoka hospitali likaenda msikitini; wanawake na watoto wa kike tulibaki nyumbani. Wanaume walirudi na udongo kwenye viatu, wakala, wakaondoka, na Khala Zuwena akafagia ule udongo. Hicho ndicho nilichokiona cha mazishi ya baba yangu: udongo kwenye kizoleo.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, haendi popote ila kwa dharura, hajipambi, hajitii wanja wala manukato. Khala akahamia kwetu, akabandika jikoni kalenda ya duka la nyama, na kila magharibi alikata siku moja kwa kalamu nyekundu. Mama alikaa chumbani juu, uso ukutani. Chakula kilipanda na kikashuka vilevile. Nilipomsemesha aliniitikia kwa kuchelewa, kama mtu aliye kwenye simu ya mbali.

Siku moja nikapanda na ile chupa. Nilimwona mikono imepauka, nikammiminia mafuta kiganjani nikaanza kumpaka, na chumba kikajaa nazi. Khala akapanda ngazi mbili mbili.

"Manukato kwa mwenye eda! Mtoto, unataka kumtia mamako dhambini?"

"Mwache," Mama akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. "Ni mafuta tu." Akaweka kiganja puani, akakiacha hapo muda mrefu. Khala akageuka akatazama dirishani.

Kisha barua zikaanza.

Ya kwanza ilikuwa na meli kwenye bahasha na jina la Baba kwa herufi nene. Ndugu Bwana Maganga, safari yako inakaribia. Tunakungoja kwa hamu. Nikapanda kumsomea Mama, nikafika kwenye "tunakungoja", akageukia ukuta akatoa sauti ambayo sikuijua. Khala akanikamata sikio. "Barua yenye meli isipande tena hapa juu. Umesikia? Isipande."

Haikupanda. Nilizificha ndani ya begi la shule, na kila usiku, chini ya shuka, nilizipigia hesabu yangu. Babu wa Tabora alipofariki hakuna aliyemwandikia tena. Baba anaandikiwa kila wiki mbili. Wanamwita kwa jina, wanamngoja, wanamuuliza kama anakula samaki. Barua hazijawahi kutudanganya. Mama hakulia mpaka barua ilipofika; na kuhusu Baba, hakuna barua hata moja iliyosema amekufa. Zote zilisema anasafiri.

Mcheke, hata mimi nimecheka, lakini nionyesheni kosa la hesabu ile. Nilikuwa mkuu wa barua.

Nikaenda kwenye kalenda ya nyama. Nikahesabu siku za eda, nikahesabu siku ya meli kufika Barbados. Nikarudia kwa vidole, nikarudia kwa njugu. Meli ingefika Barbados siku tisa kabla Mama hajaruhusiwa kutoka.

"Khala, eda inapunguzwa?"

"Haipunguzwi."

"Hata siku tisa?"

"Hata saa tisa. Nani kakutuma?"

"Nani aliyepanga?"

"Mungu."

"Anaombwa?"

Khala akauweka upawa chini. "Nenda ukatawadhe," akasema.

Niliomba. Niliomba nikiwa nimesujudu mpaka paji la uso likawa na alama za zulia, na mwalimu shuleni akaniuliza kama nimeanguka. Sikutaka baiskeli, sikutaka paka. Nilitaka siku tisa. Kila jioni Khala alikata moja, moja tu, na mimi nilisimama nyuma yake nikitamani kalamu iteleze.

Barua ya tatu ilikuwa fupi na haikuwa na picha. Bado hatujapokea chaguo lako la ufukwe wa Barbados. Tusipolipata kufikia Ijumaa, nafasi yako atapewa mgeni mwingine.

Nafasi yake atapewa mgeni mwingine. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido na nikajikojolea, mtoto wa miaka minane, mkuu wa barua.

Bwana Clyde alikuwa akija kila Jumamosi na mfuko wa viazi vikuu na mkate. Hakuingia, Khala alinituma nimweleze kwamba mwenye eda hakai na wanaume wasio ndugu zake, naye akaelewa, akawa anasimama kwenye geti, kofia mkononi. Jumamosi ile nilimshika mfuko nisimwachie.

"Bwana Clyde, mtu asiyejua kuogelea, kwenu aende ufukwe gani?"

"Nani huyo asiyejua?"

"Mtu."

Akatazama juu, kwenye pazia la Mama. "Mtu huyo aende upande wa magharibi," akasema taratibu. "Mashariki bahari ina hasira, inavuta miguu. Magharibi maji yamelala. Unatembea, unatembea, bado yako magotini, na kucha zako unaziona."

"Kuna kivuli?"

"Kipo."

"Mtu anaweza kukaa pale siku tisa?"

Aliizungusha kofia yake mkononi. "Binti," akasema, "pale mtu anaweza kukaa hata milele." Akaivaa kofia mpaka kwenye macho akaenda zake.

Basi nikachagua. Kwenye orodha kulikuwa na fukwe mbili za magharibi. Mmoja ulikuwa na picha nzuri zaidi, watu wakiruka kwenye mawimbi, nikauacha. Wa pili maji yake yalikuwa kama ya beseni na kobe wa baharini, wale kasa, wakielea bila haraka. Nikawaza Baba atapenda mnyama asiye na haraka. Nikawaandikia wageni wote watatu ufukwe mmoja. Kisha sahihi. Sahihi ya Baba ilikuwa S yenye mkia unaozunguka chini kama ndoano ya kutundikia nyama. Niliifanyia mazoezi kurasa mbili za daftari la hesabu mpaka ikatoka. Chini ya fomu kulikuwa na kisanduku cha maombi maalumu. Nikaandika kwa herufi ndogo ili zitoshe: Tafadhali mwambieni asirudi kwenye meli saa kumi na moja. Akae palepale. Sisi tutachelewa. Mama amebakiza siku tisa.

Niliitumbukiza kwenye sanduku la posta asubuhi tukienda shule. "Barua ya nini?" Khala akauliza. "Ya shule," nikasema. Sijawahi kusema uwongo kwa moyo mweupe vile.

Jibu lilikuja wakati wa likizo fupi ya shule. Mvua ilikuwa imenyesha, Khala alikuwa amekwenda Coventry Road, barabara ya maduka, kununua samaki, mimi nilikuwa mbele ya televisheni na biskuti zangu. Mama alikuwa ameshuka kuchemsha maji, jambo alilokuwa ameanza kulifanya wiki hiyo, na sisi tukijifanya hatuoni tusije tukamtisha. Nikasikia bahasha ikianguka ndani. Nikasikia ikichanika. Kisha upepo wa baridi ukaingia mpaka sebuleni.

Mlango ulikuwa wazi. Sakafuni kulikuwa na bahasha tupu.

Hakujua Kiingereza, mama yangu, lakini sahihi ya mumewe aliijua. Alikuwa ameiona kwenye karatasi za ndoa, kwenye fomu zote za uhamiaji. Na tarakimu alizijua. Wale watu wa meli walikuwa wamerudisha nakala ya fomu, na pembeni ya sahihi, kwa mwandiko wangu mzuri, palikuwa na tarehe. Ya wiki iliyopita.

Nilimkuta barabarani, nyumba ya nne. Miguu mitupu kwenye maji ya mvua, khanga imemteleza kichwani, ameshika mkono wa koti la mtu wa posta kwa mikono miwili. Mama, ambaye hata chenji dukani aliipokea kwa kitambaa asimguse mwanamume.

"Muulize nani kampa!" akanipigia kelele. "Muulize, Ruki! Muulize yuko wapi!"

Mtu wa posta alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Anasemaje, bab?" akaniuliza, kama watu wa Birmingham wanavyomwita kila mtu.

"Kamwona? Muulize kamwona. Alikuwa kavaa nini?"

Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa nimefasiri mbele ya madaktari, mbele ya watu wa kansili, mbele ya bwana mmoja wa uhamiaji aliyekuwa na kalamu tatu mfukoni. Maneno yale yalikuwa mepesi, ningeyageuza hata nikiwa usingizini. Mdomo ukafunguka, kikatoka Kiswahili.

"Ni mimi, Mama."

"Muulize!"

"Sahihi ni yangu. Niliandika mimi."

Hakunielewa mara moja. Aliitazama karatasi, akanitazama, akaitazama tena, ile ndoano. Kisha akaachia koti la mtu wa posta. Akalilainisha kwa kiganja pale alipolikunja, mara mbili, tatu, taratibu, kama analipiga pasi kabla ya kumrudishia mwenyewe.

"Yuko salama?" mtu wa posta akauliza.

"Alidhani ni barua ya mtu mwingine," nikamwambia.

Mama aliketi kwenye ngazi ndani na mimi nikamletea beseni. Nilingoja kofi. Nilitamani kofi. Aliweka miguu majini, akaweka kidole kwenye kile kisanduku.

"Umeandika nini hapa?"

Nikamfasiria. Nilipofika siku tisa alifumba macho. Maji ya beseni yalikuwa yanatetemeka.

"Kwa nini ufukwe huu?"

"Wa magharibi. Maji mafupi. Hajui kuogelea."

Akacheka. Au nilidhani anacheka. Kilianza kama kicheko. "Maji yakimfika magotini anamwita mama yake," akasema, na mwisho wa maneno haukueleweka. Nikakaa na taulo. Alipoweza kusema tena alinishika kidevu.

"Rukia. Baba yako amezikwa. Yuko hapahapa Birmingham, chini ya udongo. Hayuko kwenye meli na hatakuwa ufukweni."

"Mbona wanamwandikia?"

"Kwa sababu hakuna aliyewaambia."

"Nani alitakiwa awaambie?"

Alinitazama tu, na huruma iliyokuwa machoni mwake ndiyo iliyonifahamisha kazi ile ni ya nani katika nyumba yetu.

"Kalete karatasi," akasema.

Niliandika mezani jikoni, tai sikuvaa, lakini nilikaa kama nimevaa. Baba yangu amekufa. Kwa Kiingereza ni maneno machache na herufi zake zote nilizijua. Mwalimu asingenikata hata alama moja. Hata hivyo niliharibu karatasi tatu.

"Wasemaje?" Mama akauliza, kwa mazoea.

Nikamsomea.

"Tena."

Nikamsomea tena. Na kwa kuwa sasa lilikuwa ndani ya barua, likawa.

Khala Zuwena akarudi na samaki wake, akaona nyayo za tope kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi. "Umetoka!" akasema. "Zainabu, umetoka na eda yako!"

"Nilikwenda kumtafuta mume wangu," Mama akasema. "Kama hilo linaharibu eda, nitaanza kuhesabu upya."

Khala akaweka samaki kwenye sinki. Aliwapara wote, mkubwa kwa mdogo, na magharibi ilipoingia akachukua kalamu nyekundu akakata siku yake kama kawaida.

Watu wa meli walijibu kwa adabu. Ndugu Bwana Maganga, waliandika, tumesikitika sana kupata habari za kifo chako. Mama akauliza wasemaje. Nikasema wanatoa pole. Wamemwandikia nani? "Wewe," nikasema, na hiyo ndiyo barua ya kwanza niliyoifasiri vibaya kwa makusudi. Zimefuata nyingine.

Siku ya Barbados tulikuwa watatu jikoni. Hakuna aliyeitaja. Saa kumi na moja jioni Mama aliinua macho kutoka kwenye mchele akatazama saa ya ukutani, nami nikaitazama, mpaka mshale ukapita. Kisha akaendelea kuchagua mawe.

Sijapanda meli mpaka leo, na mara nyingi nimesema ni kwa sababu ya tumbo langu. Kabati lina siri zake.

Nilipotoka chooni, Sudi alikuwa amefunga chupa na kufungua madirisha yote, na mimi nikasikia baridi kwa ajili yake. Nikamsimulia, nimesimama, mwiko ungali mkononi. Hakunitania. Hilo lilinitisha zaidi. Akasukuma kijitabu kando, akasema tutakwenda kwa dada yake Leicester, inatosha.

Nikachukua simu nikampigia Mama. Yuko Small Heath, nyumba ileile, magoti yanamsumbua, Kiingereza sasa anakijua cha kugombana na wauza nyanya. Mambo yale hatujawahi kuyagusa, si mimi wala yeye.

"Mama, Sudi anataka tupande meli. Ile ya Karibi. Ameniambia nichague ufukwe."

Nilisikia saa ya ukutani ya jikoni kwake.

"Barbados wanafika?" akauliza.

"Wanafika."

"Basi magharibi. Wenye kasa. Maji mafupi." Akapumua. "Ukifika, tazama."

"Nitazame nini, Mama?"

"Tazama tu," akasema.